Kupiga simu kupitia kompyuta: jibu kwa dada wa Kibaigwa

Swali: "Kaka, habari za kazi. Mimi ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Msimu ukichanganya, simu zinaanza alfajiri: wakulima wa Kongwa na Kiteto wanauliza bei, wateja wa Dar es Salaam wanauliza kama lori limeshatoka. Wakati huohuo naandika hesabu za magunia kwenye kompyuta mpakato, hivyo simu naibana kati ya sikio na bega mpaka shingo inakakamaa. Nimeambiwa kompyuta inaweza kupiga simu ikiunganishwa na simu ya mkononi. Nimejaribu, lakini mara sauti ya mteja inatokea kwenye simu badala ya kompyuta, mara naambiwa nasikika kama niko ndani ya pipa. Nakosea wapi? Inakula dakika au bando? Na kwa kuwa kompyuta hiyo anaitumia pia mdogo wangu na kijana wa mizani, kuna hatari?"

Mbukwenyi, dada yangu. Pole na hiyo shingo, na usiichukulie kuwa jambo dogo. Mtu anayeongea na simu kutwa nzima amekunja kichwa anajiumiza kweli, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kutafuta njia nyingine.

Kabla hatujagusa kitufe chochote, kuna jambo moja naomba ulishike, maana ukilishika utajijibu mwenyewe karibu kila ulichoniuliza. Kompyuta yako haipigi simu. Inayopiga ni simu yako ileile, kwa laini yako ileile, kupitia mnara uleule. Kompyuta inakuwa sikio na mdomo tu, pamoja na kibao cha kubonyezea namba.

Bila shaka umewahi kupanda gari ambalo simu ya dereva ikiita, muziki unanyamaza na sauti ya mpigaji inatoka kwenye spika za gari. Ndicho kitu hichohicho. Utaratibu wa Bluetooth unaobeba mazungumzo ya simu ulitungwa kwa ajili ya madereva, waongee bila kushika simu mkononi, kisha kompyuta zikaurithi. Simu yako ikiungana na kompyuta kwa ajili ya kuongea, kwa upande wake ni kama imepanda gari. Haijali kama kilichoko upande wa pili ni redio ya lori la mahindi au kompyuta iliyoko mezani kwako.

Basi tuanze na dakika na bando. Zinazokatwa ni dakika za kifurushi cha laini yako, kama kawaida, na ukiishiwa kifurushi salio linaliwa kama kawaida. Sauti yenyewe haili MB hata moja, kwa sababu kati ya simu na kompyuta inapita kwa Bluetooth, na kati ya simu na mnara inapita kama simu yoyote. Kuunganisha hakukupi dakika za bure, wala hakukuongezei gharama. Intaneti inatumika kwa mambo mengine ya programu hiyo: kuonyesha ujumbe mfupi, picha na taarifa za simu kwenye kioo cha kompyuta.

Hapa watu wengi wanachanganya na WhatsApp ya kompyuta, ambayo tangu 2021 nayo inapiga simu. Ile ni njia nyingine kabisa. Inapita kwenye intaneti tangu mwanzo hadi mwisho, inakula bando, na anayepigiwa lazima naye awe na WhatsApp na awe hewani. Mteja wako wa Dar anaweza kufaa kwa njia hiyo. Mkulima wa Kiteto mwenye simu ya vitufe, huyo utampata kwa laini tu.

Kwa kuwa wewe ni dalali, nadhani simu yako ina laini mbili. Hili la laini mbili linawasumbua watu kuliko wanavyojua. Ukiwa umeiweka simu ikuulize kila mara utumie laini ipi, basi ukibonyeza kupiga kwenye kompyuta, swali hilo linaweza kujitokeza kwenye kioo cha simu, iliyoko chajini upande wa pili wa chumba. Wewe unaona kompyuta imeganda. Haijaganda, simu inakusubiri ujibu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya laini, uchague moja iwe ya kupigia siku zote. Chagua ile yenye kifurushi cha mitandao yote, maana wakulima wako hawako kwenye mtandao mmoja.

Sasa kuunganisha kwenyewe. Nachukulia una kompyuta ya Windows na simu ya Android, kama wengi. Programu inaitwa Phone Link, ni ya Microsoft, na mpaka 2022 ilikuwa ikiitwa Your Phone. Kwenye Windows 11 kwa kawaida unaikuta tayari imo. Kwenye simu unaweka mwenzake, Link to Windows, ambayo baadhi ya simu za Samsung huja nayo. Unaiskani ile picha ya mraba yenye madoa meusi kwenye kioo cha kompyuta, unaruhusu simu isome majina na kumbukumbu za simu ulizopiga, na vifaa vinatambuana.

Wengi wanaishia hapo wakiamini wamemaliza. Kumbe kuna ndoa mbili hapa, na wamefunga moja. Ya kwanza ni ya programu na programu, na hiyo inapita kwenye intaneti. Ya pili ni ya Bluetooth kwa Bluetooth, na ndiyo inayobeba sauti. Bila hiyo ya pili utaona majina ya wateja wako wote kwenye kompyuta, utaona nani kakupigia na saa ngapi, lakini kuongea hutaongea. Fungua sehemu ya simu ndani ya Phone Link, itakuomba uunganishe Bluetooth. Itatokea namba kwenye kompyuta na namba ileile kwenye simu. Hakikisha zinafanana, kisha ukubali pande zote mbili. Simu ikiuliza kama kompyuta iruhusiwe kutumika kwa mazungumzo na kuona majina, kubali.

Kompyuta ya mezani mara nyingi haina Bluetooth ndani yake. Kuna kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB kinachofanya kazi hiyo. Wewe una mpakato, hivyo huenda huhitaji.

Mwenye iPhone anaweza kuunganisha na Windows pia, tangu 2023, na sehemu ya kupiga simu inafanya kazi kwa Bluetooth hiyohiyo. Mwenye iPhone na kompyuta ya Apple ana njia iliyo rahisi zaidi, ya tangu 2014: akaunti moja, Wi-Fi moja, simu ikiita na kompyuta inaita. Anayetumia kompyuta yenye mfumo wa Linux na programu ya KDE Connect ataona nani anapiga na ataweza kunyamazisha mlio, ila programu hiyo haibebi mazungumzo.

Turudi kwako. Ulisema mara sauti ya mteja inatokea kwenye simu. Hilo mara nyingi si ubovu. Ukipokea kwa kubonyeza kioo cha simu, simu inaelewa unataka kuongelea simuni, na sauti inabaki hukohuko. Ukipokea kwa kubonyeza kwenye kompyuta, sauti inahamia kwenye kompyuta. Mkono una mazoea, najua. Simu ikiita unaikimbilia. Ukishajikuta umepokea kwenye simu, tazama kioo chake wakati wa maongezi, palipo na alama ya spika. Bonyeza hapo, utaona jina la kompyuta yako kwenye orodha ya Bluetooth, ulichague. Sauti itahama bila simu kukatika, na ndivyo utakavyoirudisha ukitaka kuinuka kwenda kwenye mizani.

Na kuinuka huko ndiko panapohitaji uangalifu. Bluetooth ya vifaa hivi ni ya mita kumi hivi pasipo na kizuizi, na ukuta wa tofali unaipunguza. Ukitoka na simu mfukoni ukaiacha kompyuta mezani, sauti itaanza kukatika, kisha muungano utakufa, na kwa kawaida maongezi yatarudi kwenye simu yenyewe. Mteja hajapotea, weka sikio kwenye simu uendelee. Lakini kwa dakika nzima kabla ya hapo mmekuwa mkiambizana "haloo, haloo", na bei ya gunia imesikika nusu. Hamisha kwanza, ndipo uinuke.

La kusikika ndani ya pipa ndilo ninalotaka nikae nalo kidogo, kwa sababu ndilo linalowafanya watu waache kitu kizuri baada ya siku mbili.

Maikrofoni ya kompyuta mpakato iko karibu na kioo, nusu mita kutoka mdomoni mwako. Simu ukiiweka sikioni, maikrofoni yake iko vidole vichache tu kutoka mdomoni. Kwa umbali wa nusu mita, maikrofoni inasikia wewe na inasikia chumba chote: sauti inayogonga sakafu ya saruji na kuta tupu na kurudi, feni, upepo wa Juni unaochezesha bati, lori linalorudi nyuma nje. Ule mwangwi ndio pipa lenyewe. Juu yake, utaratibu huu wa Bluetooth unaibana sauti ili ipite. Wa zamani unachukua sampuli 8,000 za sauti (yaani unaipima sauti mara 8,000) kwa sekunde, wa kisasa zaidi 16,000, wakati sidii ya muziki inachukua 44,100. Sauti safi ikibanwa hivyo inabaki ikieleweka vizuri. Sauti iliyokwisha kuchanganyika na mwangwi ikibanwa inakuwa uji.

Dawa yake ni ya bei ndogo: hedifoni za waya zenye maikrofoni, uchomeke kwenye kompyuta, si kwenye simu. Maikrofoni inakaa chini ya kidevu, mwangwi unabaki chumbani, na sauti ya mteja haitoki tena kwenye spika kuingia upya kwenye maikrofoni na kumrudia mwenyewe. Nimewaona watu wakiteseka na mipangilio wiki nzima, kumbe tatizo lilikuwa la hedifoni tu. Ukishachomeka, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows uhakikishe imechagua hedifoni hizo kwa kusikiliza na kwa kuongea pia. Hivyo ni vitu viwili, na Windows inaweza kuchagua kimoja ikaacha kingine. Ikiacha ya kuongea, unamsikia mteja vizuri kabisa huku yeye akikusikia wa mbali.

Nimesema za waya kwa makusudi. Ukitumia hedifoni za Bluetooth, kompyuta italazimika kubeba mazungumzo mawili kwa redio moja: moja kutoka kwenye simu, jingine kwenda masikioni mwako. Kompyuta nyingi zinashindwa hapo, sauti inakatika au inachelewa. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa hedifoni hizo zilishawahi kuunganishwa na simu moja kwa moja, kwa kuwa simu ikiita zinavutwa huku na huku. Kama una hedifoni za Bluetooth na hutaki nyingine, basi ziunganishe na simu yenyewe na uachane na kompyuta kwa upande wa kuongea. Shingo itapona vilevile. Utakachokosa ni kubonyeza namba na kuona majina kwenye kioo kikubwa, na kwa kazi yako naona hicho kina thamani.

Jambo jingine linaloharibu sauti ni msongamano wa mawimbi. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na Wi-Fi nyingi ziko hapohapo. Matundu ya USB ya aina ya tatu, ambayo mara nyingi yana plastiki ya bluu ndani, nayo yakifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa hayo, hasa yakiwa na diski ya nje. Ndiyo maana mwenye kidude cha Bluetooth namshauri akichomeke kwenye tundu jeusi, mbali na la bluu lenye diski. Wewe, ukisikia sauti inakwaruza wakati unahamisha mafaili kwenda kwenye diski, subiri mafaili yaishe.

Kuna faida ambayo hukuiuliza, nami naiona kubwa kuliko zote kwa watu wa huku kwetu. Vijijini, na hata kwenye nyumba nyingi za mjini zilizoezekwa bati na kujengwa kuta nene, kuna sehemu moja tu ya chumba ambayo mtandao unashika. Mara nyingi ni dirishani. Watu wanasimama hapo kama walinzi, mkono mmoja umeshika nondo. Kwa kuwa kompyuta inaazima sauti tu, simu inaweza kubaki dirishani penye mtandao, imechomekwa chaji, nawe ukakaa mezani kwako mita tatu au nne ndani, ukaongea na kuandika. Kompyuta haiongezi mtandao hata kidogo, lakini inakuruhusu uuache mtandao ulipo na wewe ukae ulipo. Nimemwekea mtu mmoja upande wa Hombolo hivyo, na ameniambia amepata meza yake upya. Hakikisha tu simu haipigwi na jua la mchana, maana joto linaua betri.

Simu nyingi za bei ya kati zina tabia ya kuzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kutunza betri. Utaunganisha asubuhi, mchana unakuta muungano umekufa. Nenda kwenye mipangilio ya betri, uitoe Link to Windows kwenye orodha ya zinazobanwa. Hilo linamalizika kwa dakika moja.

Sasa usalama, na hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi kuliko kote. Ulipounganisha, huenda uliruhusu vyote kwa pamoja: simu, ujumbe mfupi, taarifa, picha. Maana yake ni kwamba ujumbe wa pesa uliyotumiwa, salio lako, na zile namba za uthibitisho zinazotumwa na benki zinaweza kujitokeza pembeni ya kioo wakati kijana wa mizani ameketi hapo anaandika uzito. Simsemi vibaya kijana wako. Nasema mlango ulio wazi unamwingiza pia mtu anayepita. Wewe unataka kuongea tu, basi ingia kwenye mipangilio ya Phone Link uzime ujumbe, uzime taarifa, uzime picha, ubakize simu. Sauti haitapungua chochote.

Kisha fungua akaunti tofauti za Windows kwenye kompyuta hiyo, yako yenye nywila yako, ya mdogo wako na ya kijana. Phone Link unaiunganisha ndani ya yako peke yake. Ukiinuka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, kioo kinafungwa. Ukiacha wazi, mtu anaweza kupiga simu kwa laini yako akiwa amekaa kwenye kiti chako, na simu hiyo itaonekana kwa mpigiwa kuwa imetoka kwako. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole; litakalotendeka kwa laini yako litaulizwa kwako. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, piga *106# ufuate maelekezo. Menyu za namna hiyo, zenye nyota na reli, pamoja na miamala yote ya pesa, zifanye kwenye simu yenyewe, mkononi mwako. Na ukipatwa na dharura ya kuita polisi kwa 112, shika simu, usianze kutafuta kompyuta.

Pia mtu asikupigie akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akakuomba uskani picha ya mraba aliyokutumia ili "aunganishe" simu yako. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajakoma, na kuunganisha simu ya mtu na kompyuta ya mwingine ni njia inayowafaa. Picha ya kuskani iwe ile tu uliyoifungua wewe kwenye kompyuta yako. Kwenye WhatsApp, tazama mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na ukiona usichokitambua, kiondoe hapohapo.

Leo jioni, soko likitulia, fanya hivi. Weka laini moja ya kupigia, zima ujumbe na taarifa, chomeka hedifoni za waya kwenye kompyuta, halafu mpigie mtu wa nyumbani asiyekuonea haya. Ongea naye dakika moja na hedifoni, kisha zichomoe uongee dakika nyingine kwa maikrofoni ya kompyuta. Mwulize ipi ilikuwa ya pipa. Akikwambia zote mbili, niandikie aina ya simu, aina ya kompyuta na toleo la Windows, pamoja na mahali ulipokuwa umeiweka simu, tuanzie hapo.